Shimo Alilolifunga Silantoi

Silantoi alipoapishwa kuwa waziri anayeshughulikia mazingira, upande wa ndugu alikuja mtu mmoja tu: kaka yake Sakaya, aliyepanda basi kutoka Arusha hadi Dodoma akiwa amevaa suti aliyoazimwa na mwinjilisti wa usharika wao. Mume wa Silantoi alikwisha kufariki, na watoto hawakujaliwa. Baada ya kiapo, walipokaa kula, Sakaya alimwinamia sikioni.

"Enkanashe," alisema. Hivyo ndivyo alivyomwita tangu wakiwa watoto, kwa lugha ya nyumbani, yaani dada. "Hayo mazingira hasa ni nini? Ni miti?"

"Miti, maji, hewa, ardhi, taka. Karibu kila kitu."

"Basi wamekupa kila kitu."

Silantoi akacheka hadi mgeni wa meza ya jirani akageuka kuwatazama.

Yeye na Sakaya walizaliwa magharibi ya Mlima Meru, chini kidogo ya Olmotonyi, katika boma lenye migomba, kahawa na ng'ombe wachache. Silantoi alipomaliza darasa la saba, baba yao alikwisha kupokea mahari yake. Sakaya ndiye aliyewaswaga ng'ombe wa mahari usiku kuwarudisha walikotoka, akachapwa mbele ya wazee kwa utovu wa adabu, kisha akauza madume yake mwenyewe ili dada yake aende sekondari. Yeye alibaki na jembe. Miaka yote iliyofuata hakumkumbusha jambo hilo hata kwa utani, wala hakuomba kitu. Silantoi alipompelekea koti, alishukuru. Asipompelekea kitu, alishukuru pia kwamba amefika salama.

Ofisini Dodoma alipokelewa na Joel, msaidizi aliyewahudumia mawaziri kadhaa kabla yake. Joel alimpitisha mbele ya picha za waliomtangulia, zimepangwa ukutani.

"Huyu alipigana na mkaa," alisema, "mkaa ukamshinda. Huyu alipanda miti mpaka viganja vikaota sugu, mbuzi wakaila. Huyu hakukaa hata msimu mmoja." Alipofika mwisho, palipokuwa na msumari usio na picha, akashusha sauti. "Zamani mazingira yalikuwa idara tu ndani ya wizara ya maliasili. Baadaye yakaletwa Ofisi ya Makamu wa Rais ili yazitazame wizara zote. Lakini aliye juu ya wote hana chake, mheshimiwa. Misitu ina wenyewe. Mito ina wenyewe. Machimbo yana wenyewe. Sisi tuna sheria, na tuna sauti ya waziri. Sauti yenyewe itumie kwa kiasi."

Silantoi alimpenda Joel kwa maneno hayo. Na kwa muda alifuata ushauri wake.

Sakaya alipiga simu mwanzoni mwa kiangazi. Juu ya boma lake palikuwa na machimbo ya moramu, ule udongo mwekundu wa kokoto unaomwagwa barabarani. Yalianza kama kijishimo cha kujengea shule. Sasa malori yalipanda tangu asubuhi, vumbi likafunika kahawa, na mfereji waliochimba babu zao ulijaa tope kila mvua iliponyesha. Ukingo wa shimo ulikuwa umesogea hadi karibu na kaburi la mama yao.

"Sijawahi kukuomba kitu, enkanashe," alisema.

"Najua."

"Sasa nakuomba. Lifunge lile shimo kabla halijamfikia yeyo pale alipolala."

Silantoi alikuwa dirishani. Alikuwa anaona haya: dunia nzima ilikuwa ikimwomba kila siku, na huyu aliyestahili kuomba tangu zamani alikuwa ameanza kwa kujieleza.

"Nakuja," alisema.

Wataalamu walitangulia kukagua. Wakarudi na ushauri ulio wazi: shimo ni hatari, limechimbwa wima kama ukuta wa nyumba, lakini lisifungwe kwa siku moja. Mwenye machimbo apewe masharti na muda, akate kingo ngazi kwa ngazi, apande nyasi, awekwe mlinzi, na vijana wanaochimba watafutiwe shughuli nyingine kabla ya kutolewa. "Ukiwatoa leo bila kuwaonesha pa kwenda," alisema Joel wakiwa garini, "kesho watarudi, na kesho hakutakuwa na msimamizi."

"Nimekuelewa," alijibu Silantoi. Na kweli alikuwa ameelewa.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Watu walijaa, kamera zilikuwepo, akina mama wakaimba. Sakaya alisimama akiwa ameshika kofia yake, akaeleza habari za mfereji na kahawa na kaburi bila kupaza sauti, akakaa. Kisha kijana mmoja akanyoosha mkono kutoka nyuma. Alikuwa Ezra, mtoto wa pekee wa Sakaya. Mama yake alimwacha mdogo sana, na Sakaya akamlea mwenyewe. Sasa alikuwa na mke, Evaresta, binti wa Rombo aliyekutana naye mjini, na mimba ya kwanza ya mkewe ilikuwa imeanza kuonekana.

"Shikamoo Shangazi," alisema Ezra, na watu wakacheka kidogo.

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi nachimba pale. Baba anajua, ila anaona haya kusema. Shimo ni baya, sikatai. Nimeona jiwe linaanguka pale nilipokuwa nimesimama. Lakini mkilifunga, sisi tunaenda wapi? Shamba la baba ni hili mnaloliona. Nioneshe pa kwenda, nami nitakuwa wa kwanza kutoka."

"Kaa chini, Ezra," alisema Sakaya.

"Mwache aseme," alisema Silantoi. Akamgeukia kijana. "Tutaotesha miche ya kurudishia kilima kile. Nyinyi ndio mtakaoajiriwa kuiotesha na kuipanda. Ni ahadi yangu."

"Nimeshukuru, Shangazi." Akakaa.

Ndipo Silantoi alipotakiwa kutoa uamuzi. Alikuwa na maneno ya Joel kichwani, masharti na muda na ngazi ngazi. Lakini mbele yake alikaa Sakaya, magoti pamoja, akimtazama kama alivyomtazama asubuhi ile aliyompeleka sekondari. Akina mama walikuwa wamesimama tayari kupiga vigelegele.

"Kuanzia leo," alisema, "machimbo yale yamefungwa. Lori lolote lisipande."

Uwanja ulilipuka. Sakaya alifunika uso kwa kofia. Joel, aliyekuwa nyuma ya kiti cha waziri, aliangalia viatu vyake.

Habari hiyo ilitangazwa kila mahali kwa wiki nzima. Waziri anayetenda, waliandika. Na Silantoi hakudanganya: aliporudi Dodoma aliianza ile kazi ya miche siku hiyohiyo. Lakini kila alichogusa kilikuwa na mwenyewe. Fedha za miche zilikuwa fungu la wengine. Mlinzi wa shimo alipaswa kuajiriwa na wengine. Kilima chenyewe kilikuwa na leseni ambayo bado ilibishaniwa. Aliandika, alipiga simu, alikumbusha. Alijibiwa kwa adabu kwamba jambo lake linafanyiwa kazi. Wakati huo kulikuwa na mafuriko mahali pengine, moto wa msitu mahali pengine, mkutano wa nje ya nchi, maswali ya wabunge. Shimo la Olmotonyi likawa moja kati ya mengi.

Ezra alishuka mjini akapanga chumba Kaloleni na wenzake, akawa anabeba mizigo madukani. Kazi ilipopatikana alituma chochote nyumbani. Isipopatikana alikaa kwenye ngazi za duka akisubiri kuitwa. Alimpigia shangazi yake mara kwa mara mwanzoni.

"Vumilia, mwanangu. Nalifuatilia," Silantoi alimwambia.

"Sina wasiwasi, Shangazi."

Mtoto akazaliwa, wa kike, wakamwita Princess. Mvua za vuli zilipokaribia, Ezra akarudi nyumbani. Kwa baba yake alisema mjini kumekauka. Kwa mkewe alisema ukweli: wenzake walikuwa wameanza kupanda machimboni alfajiri, wanachimba kabla watu hawajaamka vizuri, na lori moja lilikuwa linapitia njia ya nyuma kuchukua. Hapakuwa na mlinzi, wala msimamizi wa kuwaambia wapi pameloa. Evaresta alimkatalia. Ezra akamwambia ni mwezi mmoja tu.

Siku mbili tatu kabla ya msiba Ezra alimpigia tena shangazi yake. Joel alipokea simu, akasema mheshimiwa yuko kikaoni, atampigia. Silantoi aliambiwa jioni, akasema kesho. Kesho ilikuwa ya kamati za Bunge.

Ukuta wa moramu uliporomoka asubuhi, baada ya mvua ya kwanza ya vuli. Habari iliyofika Dodoma ilikuwa fupi: watu watatu wamefukiwa katika machimbo yaliyofungwa kwa amri ya waziri, majina bado. Wanahabari walikuwa wakipiga simu, na wengine walikwisha kuuliza kama amri ile ilikuwa ya kamera tu. Kitengo cha habari kiliandaa taarifa haraka. Silantoi alisomewa kwenye simu akiwa anaingia bungeni. Ilisema ofisi yake inasikitika, na kwamba waliofariki ni wavamizi walioingia katika eneo lililopigwa marufuku, kinyume cha sheria.

"Sawa," alisema. "Itoeni."

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anapitia majibu ya swali la mbunge mmoja, pale Joel alipoingia kwa mlango wa pembeni na kumwinamia. Joel alikuwa amezoea kupeleka habari mbaya. Alikuwa na sura yake ya kazi hiyo. Safari hii hakuwa nayo.

"Mheshimiwa," alisema, "twende nje."

"Niambie hapahapa."

"Twende nje, mama."

Hakuwahi kumwita mama. Silantoi akasimama, karatasi zikamdondoka, akaziacha.

Walishika njia ya Dodoma hadi Arusha. Walipovuka Babati ndipo alipouliza, "Ile taarifa. Imesomwa?"

"Saa saba, mheshimiwa. Kwenye redio."

"Kaka yangu anasikiliza redio saa saba."



Alipofika bomani, miili miwili ilikuwa imechukuliwa na ndugu zao, na wa Ezra ulikuwa hospitali. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoletwa uani, wanawake wanamenya ndizi. Evaresta alikuwa chini kwenye mkeka, mtoto kifuani, na mama mmoja alikuwa akimshika kichwa kisigonge ukuta. Sakaya alikaa peke yake karibu na zizi. Silantoi aliwaacha wasaidizi wake barabarani, akavua viatu, asijue kwa nini, akamwendea na kupiga magoti.

Sakaya alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu kama ya mtu aliyekaa karibu na moshi.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema.

Silantoi alisubiri neno lingine. Halikuja.

"Mimi ni Silantoi," alisema.

"Karibu, Mheshimiwa. Wamekuwekea kiti pale."

Wazee walikuwa wamemwekea kweli, cha plastiki chenye kitambaa cheupe, mstari wa mbele. Hakukikalia. Alienda jikoni, akafunga kanga juu ya suti, akachukua kisu, akakaa kumenya ndizi na wale wanawake. Hawakumfukuza wala hawakuzungumza naye. Mmoja aliyesoma naye darasa la kwanza alimsogezea beseni.

Mazishini, Mchungaji Elifuraha alimpa nafasi ya kusema. Watu walitegemea asimame kwa niaba ya serikali. Alisimama kando ya kaburi lililochimbwa hatua chache kutoka la mama yao, akasema, "Huyu hakuwa mvamizi. Alizaliwa hapa. Aliniuliza aende wapi, nikamwahidi, na sikumwonesha." Kisha akarudi kusimama na wanawake. Wengine walilia. Sakaya alikuwa anatazama udongo, na zamu yake ya kutupia kiganja cha udongo ilipofika ilibidi ashikwe mkono.

Baada ya hapo watu wa kijijini walianza kumkwepa Sakaya. Hawakumtukana. Lakini familia zile mbili nyingine zilikuwa zimezika watoto pia, na kila mtu alikumbuka ni nani aliyesimama kuomba shimo lifungwe. Alipoenda dukani mazungumzo yalipungua. Jumapili alianza kukaa benchi la mwisho. Ng'ombe alimwachia jirani awachunge.

Silantoi alikuja kila alipopata nafasi. Kila mara alikaribishwa kwa heshima, akapewa chai, akaulizwa habari za Dodoma. Siku moja, miezi kadhaa baada ya mazishi, alishindwa kuvumilia. Evaresta alikuwa ameenda mtoni. Walikuwa wawili tu, Sakaya anapukuchua mahindi.

"Nigombeze," alisema Silantoi. "Nitukane. Nipige hata kofi, kaka, lakini usinikaribishe tena kama mgeni."

Sakaya aliendelea kupukuchua.

"Nilishauriwa nisifunge siku ile. Nilishauriwa nitoe muda. Sikusikia."

"Uliona naomba," alisema Sakaya.

"Ndiyo."

"Basi nikugombeze kwa lipi? Mimi ndiye niliyeomba. Ungekuwa waziri mwingine, mtu wa mbali, ningemchukia. Ningeamka asubuhi nikamchukia, nikanywa chai, nikaenda shamba. Mtu anaweza kuishi hivyo." Aliweka gunzi chini. "Lakini ni wewe. Na wewe ulifanya nilichotaka. Sasa nimchukie nani?"

"Mimi."

"Nimejaribu," alisema Sakaya. "Haiwezekani. Na kukupenda kama zamani nako haiwezekani. Nikikuona, namwona Ezra amesimama pale shuleni, nami namwambia kaa chini."

Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba, mabega yakitikisika, mahindi yakimwagika kutoka mapajani. Silantoi alimsogelea akamshika. Alikubali kushikwa kwa muda mfupi. Kisha akamwondoa mikono kwa upole, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anavyoondoa nguo ya mtoto aliyelala.

Mwaka uliofuata baraza la mawaziri lilipangwa upya na jina la Silantoi halikusomwa. Joel alimpigia. Wakaulizana habari za afya. Waziri aliyemrithi alikuwa mtu mtulivu. Alifika Olmotonyi bila kamera, akasikiliza, akaondoka, na baada ya muda machimbo yakafunguliwa tena kwa masharti: kingo zimekatwa ngazi kwa ngazi, mlinzi yupo, mvua ikinyesha kazi inasimama, na vijana wengine wanaotesha miche pembeni. Masharti hayo yalikuwa yaleyale aliyoandaliwa Silantoi na wataalamu wake. Hakuna aliyeumia pale tangu hapo. Kila Silantoi alipopita barabarani na kuona zile ngazi nyekundu juu ya kilima, zimekaa vizuri, zina nyasi, alijikuta ameshika usukani kwa nguvu.

Evaresta hakuweza kuendelea kukaa. Alivumilia hadi mtoto alipoanza kutembea, kisha akamwambia baba mkwe wake kwamba anarudi kwao Rombo, mama yake amemwomba. Sakaya alisema ni haki yake. Silantoi akajitolea kuwapeleka kwa gari lake. Asubuhi ya safari, mzee alimbeba Princess hadi barabarani, akamweka kwenye kiti, akafunga mlango, akaufungua tena kurekebisha blanketi, akaufunga.

Walikuwa wamepita Usa River, mtoto amesinzia, Evaresta alipozungumza.

"Shangazi, siku ile Ezra alipokupigia, ukawa kikaoni. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Alitaka kuuliza habari za kazi."

"Hapana. Kazi alikwisha kuacha kuulizia. Alisema Shangazi amechoka, tusimsumbue. Alitaka kujua Jumapili gani utakuwa na nafasi, tumbatize mtoto ukiwepo." Alitazama nje. "Sikutaka kukwambia. Lakini nikaona nikiondoka nalo litanielemea."

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema Silantoi. Aliendesha hadi Rombo akiwa anapiga kope mara kwa mara ili aione barabara. Aliwakabidhi kwa bibi wa mtoto, akakataa chakula, kisha akakila kwa sababu walisisitiza, akaahidi kurudi Pasaka. Aliirudia safari yote siku hiyohiyo.

Jua lilikuwa halijazama alipofika kwa Sakaya. Alimkuta amesimama ndani ya lango, ameshika majani ya mbuzi, kana kwamba alikuwa hapo tangu asubuhi.

"Wamefika?" aliuliza.

"Wamefika salama."

"Mtoto alilia?"

"Alilala njia nzima."

"Haya."

Walisimama, lango katikati yao. Silantoi alingoja ajue kama ataambiwa aingie. Mbuzi mmoja alianza kulia bandani, na Sakaya akageuka kuangalia upande ule.

"Hawajala," alisema. "Asante kwa kuwapeleka."

Akaondoka taratibu na majani yake, akapita kati ya makaburi mawili na migomba, akaingia bandani. Silantoi alimsikia akizungumza na mbuzi, kwa sauti ya chini, kwa Kimaasai. Alipoona hatoki, akarudi kwenye gari na kushuka mjini.